Visima Vinavyosubiri

Tusajigwe Mwaisaka alikuwa mwalimu wa jiolojia, mwenyeji wa Tukuyu, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi, na alikwenda nchi ya Usoni kwa sababu aliitwa. Safari yenyewe haina la kusimulia. Kitivo cha Miamba cha huko kilimtaka awe mtahini wa nje, kazi aliyokwisha kuifanya katika vyuo vingine: kusoma majibu ya wanafunzi, kuwahoji wachache, kisha kutia saini kwamba waliofaulu wamefaulu kweli. Hakujua kwamba Usoni saini hiyo ilikuwa na uzito mwingine.

Kilichomshtua kwanza kilikuwa lugha. Wausoni walisema Kiswahili safi, tena kitamu kukisikiliza, lakini kilikuwa kama nyumba iliyozibwa mlango mmoja. Alipobisha hodi kwa Bi Zawena, mjane aliyepangiwa kukaa kwake, hakuambiwa karibu ndani. Aliambiwa, "Karibu nyuma ya mlango." Siku zilivyopita akagundua kwamba neno "ndani" halikutamkwa na mtu yeyote, mkubwa wala mdogo, na kwamba "mle" na "humo" na "yumo" yalikwisha kufutwa vitabuni zamani. Watoto shuleni walifundishwa kuwa mahali ni pa namna mbili tu, pale na kule. Mtu akiwa chumbani mwake walisema yupo au yuko. Kwamba yumo, hapana.

Chakula nacho kilikuwa na taratibu zake. Mkate uliliwa mzima kwa kung'atwa, na mezani hapakuwekwa kisu. Kupasua kitu mbele ya watu kulikatazwa. Aliyetaka papai alilipeleka kwa Wapasuaji, watu wenye leseni waliokaa nyuma ya pazia zito, nao walimrudishia vipande vilivyokwisha kukorogwa pamoja, ili asiweze kujua kipi kilitoka upande gani wala mbegu zilikuwa zimekaa vipi. Waganga wao walitazama ngozi na ulimi, basi. Mahakimu waliamua kesi kwa kuangalia nyuso za washtakiwa, na wenyewe walisema kwamba hawajawahi kukosea, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuonyesha kosa.

Profesa Mwinyikai, mkuu wa kitivo, ndiye aliyemweleza asili ya mambo hayo. Alikuwa mzee mpole aliyezoea kuvua miwani kila anapotaka kusema jambo zito. Alisema kwamba zamani koo za Usoni zilipigana vita virefu kwa ajili ya dhahabu. Kila ukoo uliamini kuwa dhahabu ipo chini ya mashamba ya wenzao, na hakuna aliyeiona hata chembe. Watu walizikana mpaka wakachoka. Ndipo wazee waliobaki walipokaa na kuamua kuwa ugomvi wote ulitokana na kusema habari za kitu kisichoonekana. Wakatunga Sheria ya Uso: kinachoonekana ndicho kilichopo, na kingine chochote kisitajwe wala kuchorwa. Baadaye Baraza liliongeza kwamba kisiwazwe pia bila kibali.

Tusajigwe hakucheka. Watu waliochoka kuzikana, aliona, wanaweza kukubali sheria yoyote. Alichouliza ni namna gani watu wa namna hiyo wanavyoweza kuwa na Kitivo cha Miamba.

"Miamba ina nyuso, Mwalimu," Profesa akamjibu. "Tunafundisha nyuso zake."

Na kweli walizifundisha. Mitihani ilipoletwa mbele yake, Tusajigwe aliona ramani zilizopakwa rangi kwa ustadi ambao hakuwahi kuuona kwa wanafunzi wake mwenyewe. Jiwe jeupe la mchanga lilikaa mahali pake, jiwe jekundu la juu yake mahali pake, na jiwe jeusi la chini yake vilevile, na mipaka yao ilichorwa kwa mkono usiotetemeka. Swali la mwisho liliuliza tabaka jeupe linakwenda wapi baada ya Mgongo Mweupe, kile kilima kirefu kilichopakana na mji upande wa mashariki. Wanafunzi wote walikuwa wamejibu kwa maneno yaleyale: "Haliendi popote. Linaishia pale jicho linapoishia." Wote walipewa alama kamili.

Aliyeongoza darasa aliitwa Feruzi, mtoto wa fundi cherehani, kijana mrefu mwenye adabu nyingi. Tusajigwe alimwita amhoji. Aliegemeza kitabu mezani kikalala mshazari, akafunika nusu yake ya chini kwa kanga, kisha akamuuliza ukingo wa chini wa kitabu uko wapi.

Feruzi aliitazama kanga kwa muda mrefu. Akajibu kwa upole kwamba ukingo huo haupo.

Mwalimu alimtazama usoni akaona kwamba hamfanyii ukaidi, wala haogopi sheria. Kijana hakuweza. Hakuna aliyewahi kumtaka akifuatilie kitu kwa akili baada ya macho kukomea njiani, na uwezo huo ulikuwa umelala kama mguu uliokaliwa. Hata nyumbani kwao Tusajigwe alikwisha kuwaona wa namna hiyo, wanafunzi hodari wa kuchora mstari wowote, ambao ukiwaambia waligeuze jiwe kichwani walitazame kwa upande wa pili, wanapotea. Yeye mwenyewe ujuzi huo ulimchukua muda kuupata, na alijua kwamba unapatikana. Huko kwao asiyeupata hupoteza alama. Usoni alikuwa bado hajajua mtu hupoteza nini.

Alijua alipofuatana na Bi Zawena kwenda Mgongo Mweupe. Bi Zawena alikuwa amebeba chungu kidogo cha uji, na Tusajigwe alidhani wanakwenda kumtembelea mgonjwa. Juu ya kilima, kando ya lile jiwe jeupe lililochomoza kama uti wa mgongo wa mnyama, palikuwa na mashimo yaliyojengewa kuta fupi, moja baada ya jingine mpaka macho yachoke, na kila moja liliandikwa jina la mtu. Bi Zawena alisimama penye lililoandikwa Kheri. Akaufunga ule uji kwenye kamba, akauteremsha, akangoja kidogo, akaupandisha tena ukiwa kama ulivyokuwa, akaumwaga chini.

Walipokaa kupumzika alimweleza. Mji ulikuwa na kiu miaka mingi, na maji yalichotwa mbali. Kila mhitimu wa Kitivo cha Miamba alipewa heshima ya kuonyesha pa kuchimba kisima. Kwa kuwa ilijulikana kuwa jiwe jeupe ndilo jiwe la maji, wote walionyesha pale jiwe jeupe linapoonekana, kilimani. Kisha, ili watu wasionyeshe ovyo, sheria ilimtaka aliyeonyesha ashuke yeye mwenyewe na wachimbaji, na wachimbaji wakiisha kuchoka wapande, yeye abaki akichimba. Sheria haikusema afe. Ilisema asipande mpaka maji yapatikane.

"Kheri alikuwa mwanangu wa pekee," Bi Zawena alisema. "Siku moja chakula kilirudi hakijaguswa."

Tusajigwe alimpa pole, akasema Mungu amrehemu marehemu. Bi Zawena akamkatiza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwonya mgeni asijikwae. Kheri si marehemu, alisema. Yuko kazini. Visima vile havikuitwa vikavu, viliitwa visima vinavyosubiri, na waliokuwa huko wote walihesabiwa kuwa kazini. Hapakuwahi kuwa na matanga. Mama wa mtu aliye kazini havai nguo ya msiba, na mchumba wake haolewi na mwingine.

Tusajigwe aliliangalia lile jiwe jeupe. Halikuwa limelala bapa. Liliinama kidogo kuelekea magharibi, kuelekea mjini, mwinamo wa pole ambao mtu asiyezoea asingeuona. Maana yake ilimjia mara moja, na alitamani isingemjia. Palepale lilipochomoza jiwe lilikuwa jembamba na mvua yake ilikwisha kuteremka zamani kufuata mwinamo. Aliyechimba pale alilipita upesi, akaingia jiwe jeusi lisilo na maji, na tangu hapo kila alipozidi kuchimba alizidi kujitenga na maji. Maji yalikuwa bondeni, chini ya jiwe jekundu, karibu na nyumba za watu. Kule hakuna aliyewahi kuonyesha, kwa sababu kule jiwe jeupe halionekani.

Siku ya pili alimwambia Profesa Mwinyikai kwamba hatatia saini. Profesa alivua miwani. Akamweleza bila hasira kwamba asipotia yeye ataitwa mwingine, na huyo atatia, kwani wote waliotangulia walitia. Tusajigwe aliuliza kanuni za chuo zinampa mtahini haki gani. Zilimpa moja: kurudia somo na watahiniwa kabla ya saini, kwa muda atakaoona unafaa. Haki hiyo haikuwahi kutumiwa. Profesa alisita, kisha akampa darasa.

Alinunua kwa wafinyanzi udongo wa rangi tatu. Mbele ya wanafunzi alitandaza mweusi, juu yake mweupe, juu yake mwekundu, akaukandamiza ukawa kitu kimoja, akauinamisha, kisha akalainisha juu yake kwa kiganja mpaka ukafanana na kilima na bonde. Hapo mfinyanzo wote ulionyesha mistari mitatu ya rangi, sawa kabisa na ramani zao. Wanafunzi wakafurahi kuiona ramani imekuwa kitu cha kushika. Kisha akaomba kisu, na furaha ikazimika. Mmoja aliinuka akafunga dirisha.

Basi akaacha kisu. Aliwaambia wanyooshe kiganja, wakilaze juu ya ule ukanda mweupe na kukiinamisha kama ulivyoinama wenyewe, kisha wakisukume mbele hewani, taratibu, bila kubadilisha mwinamo, huku wakifikiri kwamba wanaendelea na jiwe. Kila baada ya hatua ndogo aliwauliza: sasa uko chini kiasi gani? Juu yako kuna rangi gani? Ukichimba kutoka hapa juu, utakutana na kipi kwanza? Ilikuwa lazima kila mtu aseme anachotarajia kabla mwenzake hajasema. Akawatoa nje, wakafanya vivyo hivyo kwenye magogo, kwenye mapaa ya nyumba, kwenye ngazi zilizoegemezwa ukutani. Wengine walianza kupata. Msichana mmoja alikaa chini ghafla akaanza kulia, na alipoulizwa akasema ameliona.

Feruzi hakuliona. Mkono wake ulikuwa sahihi kuliko wa wote, lakini macho yake yaliganda kwenye mkono. Alikuwa akijifunza kwa moyo sura ya mkono, kama alivyojifunza ramani.

Habari zilifika Baraza la Nyuso, na Tusajigwe akaitwa. Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti, Mzee Mbaruku, alisoma shtaka kwamba mgeni amewaongoza vijana kuingia mahali pasipotajwa. Mjumbe mmoja mwembamba, aliyejulikana kwa ujuzi wake wa sheria, alimtetea kwa namna yake. Mkono umepita hewani, alisema, na hewa haina uso, na kisicho na uso hakiwezi kuwa na nyuma ya uso, kwa hiyo mkono haukuingia popote. Mwenzake mnene alijibu kwamba hoja hiyo ni nzuri kwa mkono lakini haimhusu mwenye mkono, ambaye alikuwa akiwaza jiwe. Wakajadiliana kama kuwaza mahali ni kuwa mahali hapo. Mmoja alisema kama ndivyo, basi yeye ambaye huwaza chakula cha mchana tangu asubuhi angekuwa ameshiba. Hoja hiyo iliandikwa na kupewa nafasi yake. Asubuhi nzima iliishia hapo, na hakuna aliyetaja visima.

Bi Zawena alikuwa ameketi nyuma pamoja na wanawake wengine. Aliomba ruhusa ya kusema. Kwa desturi mama wa mtu aliye kazini hanyimwi ruhusa, basi akapewa.

"Waheshimiwa, mnauliza kama watoto wameingia mahali," alisema. "Mwanangu mlimwingiza nyinyi. Yumo. Yumo mle."

Katibu, kalamu mkononi, alimwinamia Mwenyekiti akamuuliza kwa sauti ya chini aandike nini. Mzee Mbaruku alifumba macho. Mwishowe alimwambia aandike "yupo". Lakini hakumwamuru Bi Zawena atoke.

Uamuzi ulitolewa alasiri. Kosa, walisema, ni kuona. Kwa hiyo wanafunzi wanaruhusiwa kuinamisha na kusukuma mikono yao kadiri wapendavyo, ila wafanye hivyo wakiwa wamefumba macho, ili pasiwe na yeyote atakayeona kitu. Wajumbe waliridhika kwamba wameiokoa sheria na somo kwa pamoja.

Tusajigwe alitoka akiwa na uchungu, akidhani wamemfunga mikono. Kesho yake aliwafumba wanafunzi macho kwa vitambaa, kama alivyoamriwa, na Feruzi akaweka kiganja juu ya udongo. Safari hii hakuwa na mkono wa kuutazama. Aliusukuma taratibu. Mwalimu alimuuliza juu yake kuna rangi gani. Uso wa Feruzi ulikunjamana kama wa mtu anayetafuta swichi ya taa ukutani.

"Nyekundu," alisema mwishowe. "Inazidi kuwa nene." Akasukuma tena. "Mwalimu, kitabu kile. Ukingo wa chini ulikuwapo. Ulikuwapo chini ya kanga wakati wote."

Alivua kitambaa, akatazama udongo, akakifunga tena haraka, kana kwamba anaogopa alichokipata kisije kikatoka. Tangu hapo hakushikika. Alipita mjini akiwa amefumba macho, kiganja mbele, mpaka watu wakazoea kumpisha. Alikosea mara nyingi. Aliusahau mwinamo akipanda mteremko, akasahau kwamba ardhi yenyewe inashuka. Tusajigwe alimwacha akosee, akamwambia achore kila anachokiwaza hata kama amefumba macho, kisha wakakipima pamoja kwa udongo, wakarudia. Profesa Mwinyikai alikuwa akija na kusimama mlangoni. Hakuingia wala hakufumba macho, na mtu akimgeukia aliondoka.

Siku ya Kuonyesha ilipofika, mji mzima ulipanda Mgongo Mweupe kwa ngoma na nguo mpya. Feruzi, akiwa wa kwanza darasani, ndiye aliyetangulizwa. Alisimama juu ya jiwe jeupe, akainama akalipapasa, kisha akafumba macho, akanyoosha kiganja na kuanza kuteremka kilima kurudi mjini. Watu walimpisha wakidhani amechanganyikiwa. Ngoma zikanyamaza. Aliteremka mpaka bondeni, kwenye uwanja wa udongo mwekundu ambapo watoto huchezea mpira, akatembea kidogo, akarudi nyuma hatua chache, akakanyaga chini.

"Hapa," alisema.

Mjumbe mnene alipinga palepale kwamba mahali hapo hapana jiwe jeupe na kwamba kijana anasema habari za kisichoonekana. Mzee Mbaruku alijibu kwamba sheria ya visima inamtaka mhitimu aonyeshe na ashuke. Haikuandika popote kwamba lazima aonyeshe kilimani. Hilo lilikuwa desturi tu. Akaamuru wachimbe. Baba yake Feruzi, yule fundi cherehani, alikuja akasimama karibu na Tusajigwe bila kumsalimu.

Tusajigwe hakuwa na amani. Alijua kuwa ardhi ina mambo yake. Tabaka linaweza kuvunjika huko chini na kushuka kwa namna ambayo hakuna kiganja kitakachoifuata, na zile hesabu zote walizofanya kwa udongo wa wafinyanzi zilikuwa hesabu za udongo wa wafinyanzi. Alitaka kuta za kisima zishikiliwe kwa mbao, na kwa kuwa hapakuwa na sheria iliyokataza, zikashikiliwa. Zaidi ya hapo hakuwa na la kufanya. Kama Feruzi hatapanda, saini itakayokuwa imemshusha ni ya kwake, maana alikwisha kuitia asubuhi ile, kwa kijana huyo peke yake.

Siku zikapita. Wachimbaji walichoka wakapanda, na Feruzi akabaki. Lakini huyu hakufanya kama wale waliomtangulia, ambao walichimba kimya wakitazama chini. Aliutazama ukuta, na kila alipofika mahali papya aliita juu akieleza. Jekundu bado, alisema, sasa lina chembe kubwa. Limekuwa gumu. Mistari yake imeinama kuelekea huku linakozama jua, vilevile kama kilimani. Watu waliokuja kwa udadisi walikaa kuzunguka mdomo wa kisima, na kwa kuwa hawakuwa na ruhusa ya kutazama, walifumba macho wakasikiliza. Asubuhi moja Tusajigwe alifika akawakuta wengi, wanawake kwa wanaume, wamefumba macho, viganja vyao vimelala hewani kwa mwinamo mmoja.

Feruzi aliita kwamba amegusa jeupe. Mchana wake akaita kwamba jeupe limelowa. Kisha sauti yake ilikatika, na baba yake akasimama. Kamba ilitikiswa kutoka chini. Walipoivuta, Feruzi alipanda akiwa ametapakaa tope jeupe mpaka kifuani, midomo imembabuka, na aliposhika ukingo wa kisima alimwangukia baba yake begani. Nyuma yake ndoo ilipanda imejaa.

Baraza lilikutana siku hiyohiyo. Baada ya mjadala, liliandika kwamba chini ya kisima nako ni uso, isipokuwa ni uso uliochelewa kuonekana, na kwa hiyo hakuna sheria iliyovunjwa. Wajumbe walikuja mmoja mmoja kunywa maji. Mjumbe mnene aliyanywa akiwa amegeuka upande.

Mji ulikesha kwa furaha, lakini asubuhi Tusajigwe aliona kwamba furaha imepungua. Watu walitembea polepole, hawatazamani. Hakuelewa mpaka Bi Zawena alipomwomba wafuatane tena kilimani. Safari hii hakubeba uji.

Walisimama penye kisima cha Kheri. Bi Zawena alilitazama jiwe jeupe, akaliinamia akalipapasa kama alivyomwona Feruzi akifanya.

"Mwalimu, mwanangu alikuwa umbali gani na maji?"

Tusajigwe alikuwa amelihofia swali hilo tangu siku ya kwanza. Akaanza kusema kwamba si rahisi kupima, na Bi Zawena akamwinulia mkono anyamaze. Alifumba macho. Akalaza kiganja juu ya jiwe, akakiinamisha, akakisukuma hewani kuelekea bondeni, mbali na kisima, chini na chini zaidi. Kisha akakirudisha pale mdomoni mwa kisima, akakisimamisha wima, akakishusha moja kwa moja. Alivirudia vitendo hivyo viwili, huku na huku. Tusajigwe aliona machozi yakipita chini ya kope zilizofumbwa.

"Kila alipochimba alikuwa akiyaacha," Bi Zawena alisema. "Angechimba mpaka leo."

"Ndiyo, mama."

"Hakuwa mvivu. Walisema labda hakuchimba kwa bidii."

"Hakuwa mvivu. Hakuna ambaye angeyafikia kutoka hapa."

Bi Zawena alifumbua macho, akajipangusa kwa ncha ya mtandio. Alitazama mji chini yao, na uwanja wa mpira ambapo watu walikuwa wamepanga mstari na ndoo zao. Kisha akasema kwamba mtoto wake hayuko kazini, na kwamba anataka kumzika.

Alianza yeye mwenyewe, kwa mikono, akichota kifusi kilichotolewa na Kheri na kukirudisha shimoni. Tusajigwe akapiga magoti akamsaidia. Feruzi, ambaye alikuwa bado dhaifu, alipanda akiwa na jembe, na wenzake wa darasa wakamfuata. Wale ambao mwalimu hakuwatilia saini hakuna aliyewauliza tena habari ya saini. Walikuwa wamesema watakaa darasani mpaka kila mmoja wao aweze, na chuo kikawaacha. Halafu walikuja wengine, wazazi na wajane na wachumba waliozeeka, na kila mmoja alikwenda kwenye jina lake. Wengine walifumba macho kwanza na kunyoosha viganja. Wengine hawakutaka kujua, wakaanza kufukia tu. Siku ile pale Mgongo Mweupe vilisikika vilio ambavyo Usoni haikuwahi kuvitoa tangu sheria ya visima itungwe.

Profesa Mwinyikai alikuja mwishoni, bila miwani. Alikuwa amebeba koleo, na ilionekana kwamba hajui alipeleke wapi, kwa sababu saini yake, ya mkuu wa kitivo, nayo ilikuwa kwenye majina yote. Alitembea akipita kisima baada ya kisima, na waliomwona waligeuza nyuso. Alipofika kwa Kheri alisimama. Hakusema pole wala hakuomba radhi, na Bi Zawena hakumwangalia. Aliendelea kuchota udongo kwa mikono. Kisha, bila kuinua kichwa, akasogea kando kidogo, akamwachia nafasi ya kusimama.